Hilux imeoza matao na milango: kuziba kutu bila kuchomelea

Mchukuzi_Tanga
Wakuu, salaam. Naomba tuichambue kazi hii kabla sijashika grainda. Gari ni Hilux LN106 ya 1994, kebini moja, inabeba samaki wa barafu Tanga mjini. Kutu iko hivi: tao la tairi la nyuma kulia lina tundu la kiganja. Chini ya milango yote miwili rangi imevimba, na wa kulia bisibisi inapita. Sakafu ya bodi ina matundu madogo madogo karibu na mlango wa nyuma. Kona ya kebini nyuma ya dereva imeanza kulainika. Madigadi ya mbele, la kushoto limeoza jirani na bampa. Chasisi nimeigonga yote kwa nyundo, iko nzima.

Sitaki kuchomelea. Mafundi walio karibu wana mashine ya fimbo tu, na bati lenyewe limebaki jembamba. Swali ni moja: faiba, au kiraka cha bati na gundi? Na nianzie wapi?

BatiNaMsasa
Mkuu, umefanya vizuri kuuliza mapema. Mashine ya fimbo kwenye bati la milimita 0.8 inatoboa kuliko inavyoziba, na hata pale inaposhika inaunguza rangi ya upande wa ndani ambako huwezi kufika kupaka tena. Kutu inaanzia hapo hapo. Kwa bati la nje la gari hili, kutochomelea ni njia halali kabisa.

Ila kuna mpaka. Hilux ina chasisi yake, na kebini na bodi vimekaa juu yake kwa bolti na mipira. Kwa hiyo ubavu wa bodi, matao, ngozi ya mlango na sakafu ya mzigo vinazibika kwa gundi na riveti. Visivyozibika hivyo ni chasisi, mahali bolti za kebini zinaposhika, sakafu pale kiti kinapofungwa, mahali mkanda wa abiria umefungwa, na nguzo inayobeba bawaba za mlango. Hayo ni mabati yanayobeba mtu siku ya ajali. Ukikuta kutu huko, mtafute mwenye mashine ya MIG, ile ya kuchomelea kwa waya na gesi, hata kama ni mji mwingine. Kona ya kebini ichunguze kwa makini: ikiwa ngozi ya nje tu ndiyo imelainika, endelea. Bisibisi ikizama hadi kwenye bati linaloshika bolti ya nyuma ya kebini, simama.

Madigadi ya mbele usiyazibe. Yanafungwa kwa bolti, yanatoka mzimamzima, na ya mtumba yanapatikana. Likiwa nje, komba udongo wote nyuma yake, mbele ya bawaba za mlango. Hapo huwa pamejaa tope la miaka.

Tao sasa. Tundu unaloliona nje ni mwisho wa safari ya kutu. Ilianza ndani, kati ya ubavu wa nje na bakuli la tairi, ambako tope lenye chumvi linashika unyevu wiki nzima baada ya mvua kukatika. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma iliyokila, ndiyo maana rangi inavimba kabla bati halijatoboka. Anayesugua nje na kupaka puti anaacha ugonjwa mahali pake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuosha. Maji ya bomba kwa presha, ndani ya matao, ndani ya milango kupitia matundu ya chini, ndani ya vizingiti. Osha leo, rudia kesho, kisha acha gari juani siku mbili milango ikiwa wazi. Chumvi iliyojificha kwenye vishimo vya chuma haitoki kwa brashi ya waya, inayeyuka kwa maji tu. Kwa gari la samaki hatua hii ni nusu ya kazi, na ndiyo watu wengi wanaruka.

PwaniFaiba
Naunga mkono kuosha. Kwenye tao naona faiba inafaa zaidi, kwa sababu umbo limepinda pande mbili na si kila mtu ana mkono wa kukunja bati.

Ila wanaosema faiba haidumu kwenye gari huwa wametumia resini ya poliesta, ile ya kutengenezea matenki. Poliesta inashika faiba vizuri lakini chuma inakishika vibaya. Ikikauka inanywea kidogo, kingo zinaachia, maji yanaingia chini yake, na baada ya mwaka kiraka kinabanduka kama ganda. Tumia resini ya epoksi. Ni ghali zaidi na inakauka polepole, lakini inang'ang'ania chuma.

Na hapa kuna kosa la pili. Ile faiba ya nyuzi fupi zilizotawanyika imeshikamanishwa kwa gundi ambayo inayeyushwa na poliesta. Epoksi haiiyeyushi, kwa hiyo nyuzi zinabaki ngumu na hazilali kwenye kona. Epoksi inataka faiba ya kufumwa kama kitambaa, ya gramu 200 kwa mita ya mraba.

Hesabu ya kiraka cha sentimita 30 kwa 40: tabaka tatu ni mita za mraba 0.36, sawa na gramu 72 za kitambaa. Epoksi inahitajika uzito ule ule, kisha ongeza ya kulowesha chuma na ya kupotea kwenye kopo. Changanya gramu 120 hadi 130. Pima kwa mizani ya jikoni, usikisie, kwa sababu epoksi haina kuzidisha hadina (dawa ya kuigandisha) ili iwahi. Uwiano ukikosewa inabaki laini kama ubani daima.

Tabaka la kwanza liwe kubwa, la mwisho dogo, kila moja likipishana na jingine sentimita moja hadi mbili, ili kingo zishuke kama ngazi. Weka upande wa ndani ukiweza kufika, na nyuma ya tundu bana karatasi ya plastiki na boksi gumu ishike umbo hadi ikauke.

BatiNaMsasa
PwaniFaiba, kuhusu epoksi na kitambaa tuko pamoja. Tofauti yetu ni ukingo wa tao. Ule mkunjo wa chini ndio unaopigwa na mawe yanayorushwa na tairi, na bodi tupu likipita kwenye rasta linatikisika. Faiba peke yake pale inapata ufa kwenye maungio ya chuma. Kwa tundu la kiganja lililofika ukingoni ningeweka bati. Kwa tundu lililo katikati ya ubavu, mbali na ukingo, faiba ni sawa.

Kukata: gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka kwenye tundu kwenda nje. Bati zima linalia, lililooza linatoa sauti iliyokufa. Pita pia na sumaku, isije ikawa aliyekutangulia alificha puti nene. Chora kwa chaki sentimita 2 ndani ya bati zima, ukate kwa diski ya milimita 1. Kona zote ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo inayoanzisha ufa wa puti. Tundu la kiganja litakuwa la sahani, na ndivyo inavyotakiwa.

Kabla ya cheche: ondoa waya hasi wa betri, funika vioo kwa turubai lililoloweshwa, maana cheche za grainda zinazama kwenye kioo na hazitoki tena, na usikate karibu na shingo ya tenki ya mafuta bila kuifungua na kuiziba. Ndoo ya maji iwe pembeni.

Bati la kiraka: geji 20, karibu milimita 0.9. Usitumie bati la kuezekea. La geji 28 au 30 lina milimita 0.3 hadi 0.4, linatetemeka chini ya puti mpaka puti inaachia. Kizuri kuliko vyote ni boneti au ubavu wa gari lililokatwa, kwa sababu tayari lina mpindo. Tafuta tao la gari jingine lenye mviringo unaofanana, ukate kipande chako humo.

Kipande kipishane na bati la gari milimita 25 pande zote. Kikikaa juu kitaonekana kama kiraka cha suruali, kwa hiyo bati la gari kwenye ukingo wa tundu lishushwe chini unene wa bati moja. Kuna koleo la kukunjia ngazi, na kama huna, tumia vipande viwili vya chuma bapa na nyundo ndogo, taratibu, sentimita kwa sentimita. Kwenye mkunjo wa tao kata vikato kila sentimita 2 ili uzunguke.

MsafiriWaKusini
Hapa kwenye riveti mnisaidie wadau. Madukani zimejaa za aluminiamu. Zina shida?

NtaNaRangi
Zina shida, na kwa gari la samaki ni kubwa. Aluminiamu ikigusana na chuma kwenye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Riveti ni kitu kidogo kilichozungukwa na bati kubwa la chuma, kwa hiyo inaliwa haraka na kubaki unga mweupe. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke kiraka cha bati la aluminiamu. Chukua riveti za chuma, milimita 4, tundu la drili 4.1. Urefu uuchague kwa unene wa mabati yote mawili pamoja na gundi. Kwa bati mbili za 0.9, zile zilizoandikwa uwezo wa kushika milimita 1 hadi 3 zinatosha. Umbali kati ya riveti na riveti uwe milimita 40, na kutoka kwenye ukingo milimita 10 hadi 12.

Riveti peke yake haizibi maji. Kazi yake ni kubana mpaka gundi ikauke.

BatiNaMsasa
Sahihi. Mpangilio wa kubandika ni huu, na usiubadilishe.

Weka kiraka kikavu, kifunge kwa vaisgripu (koleo la kubana na kujifunga), toboa matundu yote ya riveti. Kitoe. Ondoa vinyweleo vya drili pande zote mbili, la sivyo bati hazikutani. Sugua maeneo yanayopishana kwa msasa namba 80 hadi chuma king'ae, gari na kiraka. Brashi ya waya haitoshi: inaing'arisha kutu mpaka inameremeta, nayo bado imo kwenye vishimo. Futa kwa kitambaa safi chenye thina, na kwa kitambaa kingine kikavu kabla thina haijakauka yenyewe. Usishike tena kwa mkono mtupu.

Gundi iwe ile ya kubandikia mabati ya bodi, ya katriji yenye sehemu mbili na pua ya kuchanganyia. Silikoni ya madirisha usiifikirie. Nyingi zinatoa asidi ya siki zikikauka, na rangi haishiki juu yake. Hesabu: ukanda wa milimita 25, unene wa milimita 1, kwa mzunguko wa mita moja ni mililita 25. Kiraka cha sentimita 20 kwa 30 kina mzunguko wa mita moja kamili, kwa hiyo katriji ya mililita 200 inafanya vipande vitano hadi sita ukihesabu kinachobaki kwenye pua. Sukuma kidogo cha kwanza ukitupe hadi rangi itoke moja isiyo na mistari.

Paka pande zote mbili tabaka jembamba, kisha mstari mmoja katikati. Weka kiraka, piga riveti kuanzia katikati ya kila upande kwenda kwenye kona. Usibane kwa nguvu zote kwa vaisgripu, gundi ikitoka yote kunabaki chuma kwa chuma na hakuna kinachoshika. Muda ulioandikwa kwenye katriji umepimwa kwenye nyuzi 20 na kitu. Kwenye nyuzi 32 za Tanga uhesabu nusu yake. Fanya asubuhi, kivulini, uache hadi kesho yake.

Kingo za upande wa ndani zizungushie sila ya bodi, ile ya kuziba maungio maji yasipite. Kwa gari hili upande wa ndani ndio wenye uzito.

Mchukuzi_Tanga
Ahsante sana. Dawa ya kugeuza kutu naiweka wapi? Nimeambiwa nipake kila mahali kisha nibandike juu yake.

NtaNaRangi
Hapana, mkuu, si kila mahali. Dawa hiyo ina asidi ya fosforasi, nyingine zina tanini, na inafanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshika chuma: inaigeuza nyeusi na kuituliza. Kutu inayobanduka magamba inageuka juu tu, chini inaendelea kula. Kwenye chuma kilichosuguliwa kikang'aa haina kutu ya kugeuza, inaacha mabaki ya asidi yanayozuia gundi na praima ya epoksi (rangi ya chini kabisa) kushika. Kwa hiyo: mahali pa gundi, chuma kitupu. Mahali grainda haifiki, kama nyuma ya bakuli la tairi na ndani ya mkunjo wa mlango, dawa. Subiri saa 24, na kama maelekezo ya kopo yanataka kuoshwa, osha.

Na milango, kwa kuwa hakuna aliyeigusa bado. Mlango unaoza chini kwa sababu maji yanayopita kwenye mpira wa kioo hayapati pa kutokea. Matundu ya chini yameziba kwa vumbi na majani. Toa paneli ya ndani, toa plastiki, komba uchafu. Kama ni ngozi ya nje tu, kata ukanda wa chini wote, tuseme sentimita 8, urefu wote ulioathirika, ubandike ukanda mpya. Viraka vitatu vidogo vinaacha kutu katikati yake. Ukanda mpya ukunjwe chini uzungukie fremu ya mlango kama ulivyokuwa wa zamani, gundi ikiwa ndani ya mkunjo. Kwenye mkunjo usitumie riveti. Gonga kwa nyundo juu ya ubao, polepole, mara tatu nne, usijaribu kuumaliza kwa pigo moja. Mlango wako wa kushoto, kama umevimba tu na haujatoboka, usikate: sugua, dawa ndani, praima.

Matundu ya kutolea maji yafunguliwe tena, milimita 8, manne kwa kila mlango. Nimeona kazi nzuri sana za bati zilizooza upya kwa sababu sila ilipita juu ya tundu moja.

PwaniFaiba
Sakafu ya bodi niiongeze. Usilaze bati la chekapleti juu ya sakafu iliyotoboka na kulifunga kwa skrubu. Maji ya barafu yanapita kwenye maungio, yanabaki kati ya mabati mawili bila hewa, na sakafu inakwisha haraka kuliko ingekuwa wazi. Matundu madogo ya kucha kwenye mabonde ya sakafu: sugua pande zote mbili, kitambaa cha faiba na epoksi tabaka mbili juu na moja chini, sentimita 4 kuzunguka tundu. Ikiwa matundu yameungana, kata bonde lile, weka kiraka cha geji 18 kwa gundi na riveti za milimita 4.8, kichwa cha riveti juu.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Weka trei au bokisi la plastiki lenye bomba linalotoa maji ya samaki nyuma ya bampa, yasipitie maungio ya mlango wa nyuma. Hilo litaokoa sakafu kuliko rangi yoyote.

MsafiriWaKusini
Puti inakuja lini? Kabla ya praima au baada?

BatiNaMsasa
Praima ya epoksi kwanza, makoti mawili kwenye chuma kitupu, kisha puti juu yake baada ya kuisugua kwa namba 180. Puti ina unga wa talki, inanyonya maji. Ikikaa kwenye chuma na rangi ikachanika popote, unyevu unatembea chini yake. Kwa kutu epoksi katikati ni lazima.

Unene usizidi milimita 3. Kama bati limezama zaidi ya hapo, rudi kwenye nyundo. Hadina ni asilimia 2 kwa uzito: gramu 2 kwa gramu 100 za puti. Kwenye joto la pwani utapata dakika tatu au nne, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Wanaozidisha hadina wanapata vitundu vya hewa, na hadina iliyobaki inapanda juu na kuchafua rangi nyeupe kwa mabaka ya manjano. Wanaopunguza wanapata puti inayojaza msasa. Bamiza kwa nguvu koti la kwanza jembamba liingie kwenye mikwaruzo, kisha lijaze. Sugua kavu, namba 80, kisha 120 na 180, ukitumia ubao mrefu. Mkono mtupu unafuata mabonde. Usisugue puti kwa maji kwa sababu ile ile ya kunyonya.

Kisha praima ya kujaza, namba 320 hadi 400, rangi. Namba ya rangi iko kwenye kibati cha chumba cha injini, mstari wa C/TR. Ikiwa ni 040, ni nyeupe ya Toyota na kila mchanganya rangi anayo. Rangi za sehemu mbili zenye hadina zina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu, barakoa ya vumbi haizuii. Vaa ile ya vichujio vya mvuke, au mpe mtu mwenye vifaa.

Mchukuzi_Tanga
Swali la mwisho. Ndani ya matao na milango nikishapaka praima, naweza kupulizia oili chafu ya injini? Wengi wanafanya hivyo hapa.

NtaNaRangi
Usipulizie, mkuu. Oili chafu inatiririka yote kwenda chini ndani ya siku chache, sehemu ya juu inabaki tupu. Inalainisha mipira ya milango na ya kebini, inashika vumbi linaloshika unyevu, na ikidondokea kwenye diski za breki una tatizo jingine kabisa. Siku ukitaka kubandika au kupaka tena, hakuna kitakachoshika.

Tumia nta ya mashimo ya bodi, ya kopo la kupulizia lenye mrija wa sentimita 60. Kopo la mililita 500 linatosha milango miwili. Matao na vizingiti yahesabie mawili zaidi. Pulizia baada ya rangi kukauka kabisa, siku ya joto, ipenye kwenye mikunjo, na pitisha waya kwenye matundu yote ya chini mara nta inapoganda. Chini ya matao paka sila ya mpira ya kuzuia mawe juu ya praima. Ile lami nyeusi isiwekwe juu ya kutu, inafungia maji ndani.

Halafu kila jioni ya samaki, ndoo mbili za maji ya bomba ndani ya matao na kwenye maungio ya mlango wa nyuma. Nta irudiwe kila mwaka kabla ya masika.

BatiNaMsasa
Mkuu, ukishakata tao weka picha ya upande wa ndani hapa kabla ya kubandika chochote. Nataka kuona bakuli la tairi. Kama nalo limetoboka, kiraka cha ndani kinatangulia cha nje.